Bei Mbili za Nyota Mmoja: Kulinganisha Biashara za Stafford, Watson, Wilson na Hill Katika NFL

Wikiendi ya tarehe 13 na 14 Januari 2024, raundi ya kwanza ya mtoano wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ilikuwa na mechi tatu ambazo kila moja ilimkutanisha muuzaji na mnunuzi wake. Jumamosi, Houston Texans waliwafunga Cleveland Browns 45-14, na usiku huohuo Kansas City Chiefs wakawafunga Miami Dolphins 26-7 katika baridi iliyofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Jumapili, Detroit Lions wakawatoa Los Angeles Rams kwa tofauti ya pointi moja, 24-23. Mwaka 2022 Texans walikuwa wamewauzia Browns kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Deshaun Watson, na Chiefs walikuwa wamewauzia Dolphins mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, Tyreek Hill. Mwaka 2021 Lions walikuwa wamewauzia Rams kwotabeki Matthew Stafford. Katika mechi zote tatu aliyeuza ndiye aliyeshinda.

Mtu akitazama matokeo hayo peke yake ataona kuwa kuuza nyota ni busara na kumnunua ni hasara. Lakini Rams walioaga mashindano siku hiyo walikuwa wameshatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, wakiwa na Stafford, tarehe 13 Februari 2022, na hakuna shabiki wa Los Angeles anayeweza kuambiwa kwamba biashara ile ilikuwa mbaya. Makala hii inaziweka biashara hizo kando kwa kando, pamoja na ile ya Russell Wilson, ili msomaji anayefuatilia NFL apate namna ya kuamua, habari ya uhamisho mkubwa inapotangazwa, ni upande gani umefanya vizuri. Msimamo wangu nautaja mapema: kila nyota ana bei mbili, moja inayolipwa kwa timu inayomwachia na nyingine inayolipwa kwake mwenyewe kupitia mkataba. Magazeti hujadili zaidi bei ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo inayoinua timu au kuiangusha.

Sarafu inayotumika

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anajua kwamba klabu inayomtaka mchezaji aliye na mkataba hulipa ada ya uhamisho. Timu za NFL haziuziani wachezaji kwa ada ya namna hiyo. Malipo yao ni wachezaji wengine au, mara nyingi zaidi, haki ya kuteua chipukizi kutoka vyuo vikuu katika drafti inayofanyika kila Aprili, yenye raundi saba, ambamo timu zilizofanya vibaya huteua mapema. Nafasi ya raundi ya kwanza ina thamani kubwa kwa sababu mbili: inaleta kipaji, na inaleta kipaji hicho kwa mshahara mdogo uliopangwa kwa miaka minne, timu ikiwa na haki ya kuongeza mwaka wa tano.

Unafuu huo wa mshahara haukuwepo zamani. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyeteuliwa wa kwanza na timu ya St. Louis, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa na dhamana, yaani lazima zilipwe hata akiachwa, kabla hajacheza mechi hata moja ya kulipwa. Mwaka uliofuata makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yaliweka viwango vya mishahara ya chipukizi, na Cam Newton, naye aliyeteuliwa wa kwanza, akapata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo, chipukizi mzuri katika nafasi ghali kama ya kwotabeki ndiye mali yenye faida kubwa kuliko zote katika ligi hii.

Kwa kupima nafasi hizo, timu nyingi zilianza na jedwali lililoandaliwa na Mike McCoy, mmoja wa viongozi wa Dallas Cowboys, kwa ajili ya kocha Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nafasi ya kwanza ilipewa pointi 3,000, ya 16 pointi 1,000, na ya 32 pointi 590. Jedwali hilo lina umuhimu wake wa kihistoria, lakini lina kasoro mbili. Lilitungwa kabla ya viwango vya mwaka 2011, na linazipa nafasi za juu kabisa uzito uliopita kiasi; wachumi Cade Massey na Richard Thaler walionyesha katika utafiti wao kwamba timu zilikuwa zinazithamini mno nafasi hizo ukilinganisha na kile wachezaji wake walichozalisha kwa gharama yao. Kasoro ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba jedwali halisemi lolote kuhusu mkataba wa mchezaji anayeingia.

Mkataba nao una kanuni zake. Tangu mwaka 1994, isipokuwa mwaka 2010, kila timu ina ukomo wa mishahara, ambao mwaka 1994 ulikuwa dola milioni 34.6, ukashuka kutoka milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021 kwa hasara ya janga la UVIKO-19, kisha ukapanda hadi milioni 279.2 mwaka 2025. Fedha anazopokea mchezaji mkononi na fedha zinazohesabiwa kwenye ukomo haziendi pamoja kila mara. Bonasi ya kusaini hulipwa mapema, lakini kwenye hesabu za ukomo hugawanywa sawasawa katika miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Tuseme mchezaji amepewa bonasi ya milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano: kila mwaka ukomo unachajiwa milioni 10. Akiachwa baada ya misimu miwili, milioni 30 zilizobaki zinaangukia kwenye ukomo kwa mpigo, isipokuwa timu ikitumia utaratibu wa baada ya Juni 1 unaoruhusu mzigo huo kugawanywa katika miaka miwili. Mzigo huo ndio unaoitwa fedha mfu, kwa kuwa unachukua nafasi ya mshahara wa mtu ambaye hachezi tena katika timu hiyo.

Kanuni moja zaidi ndiyo ufunguo wa ulinganisho wote unaofuata: mchezaji anapouzwa, bonasi aliyokwisha kulipwa hubaki kwenye hesabu za timu aliyotoka, na mnunuzi huchukua mshahara uliosalia tu. Ndiyo maana nyota aliyekwisha kusaini anaweza kuwa nafuu sana kwa timu mpya, ilimradi asidai mkataba mwingine siku ya kuwasili.

Stafford na Watson

Biashara hizi mbili zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu bei ya kwanza inakaribiana. Rams walimchukua Stafford kwa nafasi mbili za raundi ya kwanza, za 2022 na 2023, nafasi moja ya raundi ya tatu ya 2021, na kwotabeki wao Jared Goff. Browns walimchukua Watson kwa nafasi tatu za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, pamoja na moja ya raundi ya tatu na mbili za raundi ya nne, wakarudishiwa moja ya raundi ya sita. Watson alikuwa na umri wa miaka 26 na Stafford alikuwa anakaribia 33, kwa hiyo anayehesabu nafasi za drafti na umri peke yake angeweza kusema kwamba Browns walipata zaidi kwa walichotoa.

Tofauti ilikuwa kwenye bei ya pili. Stafford alikuja na miaka miwili iliyobaki ya mkataba aliousaini Detroit, yenye jumla ya takriban milioni 43. Mwaka 2021 alichukua milioni 20 tu kwenye ukomo wa Rams, yaani karibu asilimia 11 ya milioni 182.5. Ni kweli kwamba Rams walibeba zaidi ya milioni 22 za fedha mfu kwa kumwachia Goff, na nafasi moja ya raundi ya kwanza ilikuwa kwa kiasi fulani malipo ya kuwashawishi Lions waupokee mkataba wa Goff. Hata hivyo, gharama yote ilijulikana siku ya kwanza, na kama Stafford angeshindwa, miaka miwili ilitosha kuachana naye bila kovu kubwa. Hakushindwa: alirusha pasi 41 za mabao msimu huo, na Rams wakawafunga Cincinnati Bengals 23-20 kwenye fainali iliyochezwa katika uwanja wao wenyewe. Ni baada ya hapo tu, Machi 2022, ndipo walipompa nyongeza ya miaka minne ya milioni 160.

Watson alikuwa na kipengele kinachomruhusu kukataa kuhamishwa, na awali alikuwa ameiondoa Cleveland kwenye orodha ya timu alizozikubali. Browns wakambadilisha mawazo kwa mkataba wa miaka mitano wa milioni 230 wenye dhamana ya kila senti. Wakati huo alikuwa hajacheza msimu mzima wa 2021, akikabiliwa na kesi za madai za wanawake zaidi ya 20 waliomtuhumu kwa mwenendo mbaya wa kingono, tuhuma alizozikana. Ligi ilimsimamisha mechi 11 na kumtoza faini ya milioni 5.

Inafaa kuusogelea mkataba huo na kuutazama mstari kwa mstari, kwa sababu namna ulivyopangwa inaeleza mengi kuliko jumla yake. Kila mwaka ulikuwa na thamani ya milioni 46. Mwaka wa kwanza, 2022, mshahara wa msingi uliwekwa dola milioni 1.035 tu, na milioni 44.965 zilizobaki zikalipwa kama bonasi ya kusaini. Mchezaji aliyesimamishwa hupoteza mshahara wa msingi wa wiki anazokosa, kwa hiyo mechi 11 zilimgharimu Watson takriban dola 632,500. Kama milioni 46 zote zingekuwa mshahara wa msingi, adhabu hiyohiyo ingemgharimu zaidi ya milioni 28. Kuanzia 2023 hadi 2026 mshahara wa msingi ukawa milioni 46 kila mwaka, ukiongezewa sehemu ya bonasi ya karibu milioni 9, na kufanya karibu milioni 55 kwenye ukomo wa kila msimu. Mzigo huo haukubebeka, hivyo timu ikalazimika kuupanga upya mara kwa mara kwa kugeuza mshahara kuwa bonasi na kuongeza miaka hewa mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo mchezaji hatarajiwi kucheza na ambayo ipo kwa ajili ya kusogeza deni mbele tu.

Katika misimu yake mitatu ya kwanza Watson alicheza mechi 19. Alikosa nyingi kwa adhabu, kisha bega likamtoa mwaka 2023, na Oktoba 2024 kano ya kisigino ikakatika. Ukigawa milioni 138 za misimu hiyo kwa mechi 19 unapata zaidi ya milioni 7 kwa kila mechi. Machi 2025 mmiliki wa timu, Jimmy Haslam, alikiri hadharani kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kukosea. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba majeraha yanaweza kumpata yeyote. Stafford naye angeweza kuvunjika siku ya kwanza. Browns walichokosea mapema, kabla ya jeraha lolote, ni kusaini mkataba ambao haukuwa na mlango wa kutokea. Wamiliki wengine waliliona hilo. Lamar Jackson alipata milioni 260 mwaka 2023 zenye dhamana ya milioni 185, na Joe Burrow milioni 275 zenye dhamana ya takriban milioni 219; wote wawili wana rekodi bora kuliko ya Watson, na hakuna aliyepewa dhamana kamili.

Bei inayopanda kadiri unavyoanguka

Kuna jambo ambalo jedwali la pointi halina uwezo wa kulionyesha siku ya biashara. Nafasi ya drafti ya mwaka ujao haina namba mpaka msimu uishe, na namba hiyo inategemea matokeo ya mnunuzi. Rams walipotwaa ubingwa, nafasi yao ya 2022 iliyokwenda Detroit ikawa ya 32, sawa na pointi 590. Msimu uliofuata walishinda mechi 5 na kupoteza 12, na nafasi ya 2023 ikawa ya 6, yenye pointi 1,600. Karatasi ya mkataba iliandika kitu kimoja mara mbili, lakini malipo ya pili yakawa karibu mara tatu ya yale ya kwanza.

Lions walizitumia kwa ustadi. Waliongeza nafasi nyingine juu ya ile ya 32 wakapanda kumchukua mpokeaji Jameson Williams, kisha wakateremka kutoka ya 6 hadi ya 12 wakamchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs na kupata pia nafasi ya 34, waliyomteua nayo Sam LaPorta. Goff, aliyehesabiwa mzigo, akawaongoza hadi ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1992, na Mei 2024 akasaini nyongeza ya milioni 212. Hii ndiyo biashara ninayoiona bora kuliko zote katika kizazi hiki, kwa kuwa kila upande ulipata ulichokuwa unakihitaji kwa wakati wake: Rams walihitaji taji moja, Lions walihitaji msingi.

Denver Broncos walipata upande mchungu wa kanuni hiyo. Machi 2022 waliwapa Seattle Seahawks nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano na wachezaji watatu ili kumpata Russell Wilson na nafasi moja ya raundi ya nne. Msimu wa kwanza waliishia na ushindi 5 dhidi ya vipigo 12, na nafasi waliyoitoa ikawa ya 5 katika drafti ya 2023. Seahawks walimteua nayo beki Devon Witherspoon. Broncos walishindwa uwanjani, na kushindwa kwao kukawatajirisha waliowauzia.

Wilson na swali la lini kusaini

Wilson alifika Denver akiwa bado na miaka miwili ya mkataba wake wa Seattle. Hapo ndipo palipotakiwa subira. Broncos wangeweza kumtazama msimu mzima kwa mshahara uliokuwepo, kama Rams walivyofanya na Stafford. Badala yake, Septemba 2022, kabla hajawachezea mechi hata moja ya msimu, walimpa nyongeza ya miaka mitano ya karibu milioni 243, takriban milioni 124 zikiwa na dhamana kamili tangu siku ya kusaini.

Mkataba huo ulikuwa na mlango wa kutokea, ingawa mwembamba, na jinsi Broncos walivyoufikia ni somo zuri la namna dhamana zinavyofanya kazi. Mshahara wa Wilson wa mwaka 2025, milioni 37, ulikuwa na dhamana ya jeraha tu. Ungepata dhamana kamili kama angekuwa bado kwenye timu siku ya tano ya mwaka mpya wa ligi, Machi 2024. Maana yake ni kwamba kama angeumia vibaya Desemba 2023 na kushindwa kupita vipimo vya afya, timu ingewajibika kumlipa hata kama ingetaka kumwachia. Zikiwa zimebaki mechi mbili za msimu, kocha Sean Payton alimweka benchi. Mashabiki walibishana kuhusu kiwango chake, lakini aliyeusoma mkataba alijua kwamba tarehe ya Machi ilikuwa na uzito katika uamuzi ule kama zilivyokuwa pasi zake.

Kumwachia kulileta milioni 85 za fedha mfu, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa kabla ya hapo kwa mchezaji mmoja, kikagawanywa kuwa takriban milioni 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Milioni 53 ni zaidi ya asilimia 20 ya ukomo wa 2024. Wengi walitabiri kwamba Broncos wangezama kwa miaka kadhaa. Walifuzu mtoano msimu huohuo kwa ushindi 10 na vipigo 7, wakiwa na chipukizi Bo Nix, aliyeteuliwa wa 12 kwa mkataba wa miaka minne usiofika milioni 19 kwa jumla. Chipukizi wa bei nafuu ndiye aliyewawezesha kubeba deni la mkongwe, na hapo thamani ya nafasi ya raundi ya kwanza inaonekana wazi kuliko katika jedwali lolote.

Kwa hiyo, ukiulizwa kati ya Watson na Wilson ni ipi iliyokuwa biashara mbaya zaidi, jibu langu ni Watson, bila kusita. Wilson aliwagharimu Broncos nyingi, lakini walilipa, wakafunga hesabu na kuanza upya ndani ya misimu miwili. Browns walikaa na mchezaji wasiyeweza kumtumia wala kumwachia.

Hill, Brown na nafasi ya mpokeaji

Kwa wachezaji wasio kwotabeki hesabu inabadilika. Machi 2022 Chiefs walimtoa Tyreek Hill kwa nafasi tano: ya raundi ya kwanza, ya pili na ya nne za mwaka huo, na ya nne na ya sita za 2023. Dolphins wakampa nyongeza ya miaka minne iliyotangazwa kuwa milioni 120, yaani 30 kwa mwaka. Mwaka wa mwisho ulibeba milioni 45 zisizo na dhamana, zilizowekwa hapo ili wastani uonekane mkubwa. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa milioni 75, sawa na 25 kwa mwaka. Namshauri kila msomaji, akiona mkataba wa NFL umetangazwa, auondoe kwanza mwaka wa mwisho kabla ya kugawa.

Uwanjani Hill alitimiza kila alichoahidiwa: yadi 1,710 msimu wa 2022 na 1,799 msimu wa 2023, zilizokuwa nyingi kuliko za yeyote katika ligi mwaka huo. Hata usiku ule wa baridi Kansas City bao pekee la Miami lilikuwa lake. Lakini Dolphins hawakushinda mechi hata moja ya mtoano katika misimu hiyo, na Chiefs bila yeye walitwaa Super Bowl mbili mfululizo, Februari 2023 na Februari 2024. Kwa nafasi ya raundi ya kwanza waliyoipata kwa Hill, wakiichanganya na nyingine, walipanda kumchukua beki Trent McDuffie, aliyekuja kuchaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi mwaka 2023.

Wengi wakajifunza hapo kwamba mpokeaji auzwe. Tennessee Titans waliuza. Usiku wa drafti, Aprili 2022, walimpeleka A.J. Brown kwa Philadelphia Eagles kwa nafasi ya 18 na ya 101, na kwa ile ya 18 wakamteua Treylon Burks, ambaye hakufikia hata nusu ya kiwango cha Brown. Desemba mwaka huo Brown alifunga mabao mawili dhidi ya Titans katika kipigo cha 35-10, na siku mbili baadaye meneja mkuu Jon Robinson akafukuzwa kazi. Eagles walicheza fainali msimu huo na wakatwaa taji Februari 2025 kwa kuwafunga Chiefs 40-22.

Chiefs na Titans walifanya jambo lilelile kwa sababu ileile ya kukwepa mshahara mkubwa wa mpokeaji, na matokeo yakaachana kabisa. Chiefs walikuwa na Patrick Mahomes, mwenye mkataba wa miaka kumi wa milioni 450 uliosainiwa mwaka 2020, kwotabeki anayeweza kuwainua wapokeaji wa kawaida. Fedha waliyoiokoa kwa Hill ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Titans hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Eagles nao walimnunua Brown wakati Jalen Hurts, aliyeteuliwa raundi ya pili mwaka 2020, bado alikuwa kwenye mshahara wa chipukizi, kwa hiyo milioni 100 za Brown kwa miaka minne ziliingia mahali palipokuwa wazi. Timu yenye kwotabeki nafuu inunue. Timu yenye kwotabeki ghali na bora inaweza kuuza. Timu yenye kwotabeki wa wastani anayelipwa vizuri, kama Titans walivyokuwa na Ryan Tannehill, haipati nafuu kwa kuuza mtu anayemsaidia.

Kipimo hiki kwa biashara ya Parsons

Agosti 2025 Dallas Cowboys waliwauzia Green Bay Packers mlinzi Micah Parsons, mwenye umri wa miaka 26, kwa nafasi mbili za raundi ya kwanza, za 2026 na 2027, pamoja na mlinzi Kenny Clark. Packers wakampa miaka minne kwa milioni 188, milioni 120 zikiwa na dhamana kamili siku ya kusaini.

Hoja ya Dallas inaeleweka ukichukua wastani wa mikataba. Dak Prescott analipwa milioni 60 kwa mwaka na CeeDee Lamb milioni 34. Ukiongeza 47 za Parsons unapata milioni 141, zaidi ya nusu ya ukomo wa 2025. Lakini hali hiyo waliitengeneza wenyewe kwa kuchelewa. Nick Bosa alisaini kwa milioni 34 kwa mwaka Septemba 2023, Myles Garrett kwa 40 Machi 2025, T.J. Watt kwa 41 Julai 2025. Kila mkataba uliotangulia ulipandisha bei ya Parsons, na Cowboys walikuwa na haki ya kumwongezea mkataba tangu msimu wa 2023 ulipokwisha.

Mimi ningechagua upande wa Packers, hata baada ya Parsons kuumia goti Desemba 2025. Kwa bei ya kwanza, timu inayoendelea kushinda hutoa nafasi za mwishoni mwa raundi, na nafasi ya 25 ina pointi 720 tu katika jedwali la zamani; Dallas walimuuza mchezaji adimu kwa timu ambayo nafasi zake zina uwezekano mdogo wa kuwa za juu. Kwa bei ya pili, mzigo ni mkubwa, kwa kuwa Jordan Love naye analipwa wastani wa milioni 55, lakini milioni 68 za mkataba wa Parsons hazikuwa na dhamana kamili siku ya kusaini, na hapo ndipo Packers wanaweza kutokea endapo goti halitarudi kama lilivyokuwa. Anayetaka kuipinga hukumu hii asubiri namba itakayoangukia nafasi ya Packers ya 2027, kisha aangalie Parsons atakuwa amecheza mechi ngapi kufikia hapo.